Tufungue Plagi za Pikapu Sisi Wenyewe

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu niseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kubadilisha plagi za pikapu kwa mkono wako mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na sasa kazi yangu ni kuchukua mizigo kati ya Bwera na Kasese. Nasema wazi tangu mwanzo: mtu aliyefika kidato cha nne, akafundishwa injini ya petroli mpaka akaichora katika mtihani, haifai aketi kando ya barabara akimngoja mwingine amfungulie plagi. Wako watakaobisha, nami nitawajibu.

Kwanza tujue tunasema juu ya gari gani. Pikapu za dizeli hazina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Mwenye dizeli na asome ukurasa mwingine. Lakini zile pikapu za petroli, Toyota Hilux kuukuu na ndugu zake, ambazo kwetu hubeba kila kitu tangu kahawa mpaka bibi arusi, kwa kawaida zina silinda nne na plagi nne, na kila plagi hutoa cheche ya kuwasha petroli mara moja katika mizunguko miwili ya injini. Fanyeni hesabu: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi moja huwasha mara 1,500, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Betri ni ya volti 12 tu. Koili ndiyo inayoupandisha umeme huo hata ukapita volti 10,000, ukaweza kuruka ile nafasi ndogo iliyo katika ncha. Kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilileta plagi ya namna hii mwaka 1902, na mtu wa siku zile akionyeshwa plagi ya leo hatakosa kuitambua.

Sasa itazameni barabara yetu. Ukitoka Kasese unakwenda kusini mpaka Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, kisha unakata mkono wa kulia kuelekea Bwera na Mpondwe penye mpaka wa Kongo. Ni zaidi ya kilomita 50, na mahali pengine unapita katika mbuga ya Queen Elizabeth, ambako tembo huvuka wakati autakao bila kuuliza mtu. Gereji hakuna hapo.

Msimu uliopita mpwa wangu alipakia nyanya za akina mama wa jirani huko Bwera alfajiri, azifikishe soko la Kasese. Kijana huyu alifaulu fizikia vizuri sana. Kabla ya Kikorongo injini ikaanza kutetemeka na kukosa nguvu, akaizima aitazame, ikakataa kuwaka tena. Akapiga simu Kasese. Fundi alikuwa na kazi nyingine, na alipofika juu ya bodaboda jua lilikuwa limekwisha pinduka. Akatoa plagi nne, akaona mbili zimejaa masizi, akazisugua, akazirudisha, gari likawaka. Kazi ilichukua dakika 20. Kungoja kulichukua siku nzima ya soko. Wanunuzi wa asubuhi walikuwa wameondoka, na zile nyanya zilizokuwa chini zimepondeka kwa joto, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Wawili katika akina mama wale walikuwa wamezihesabu nyanya hizo kuwa karo ya muhula. Mpwa wangu alizijua hatua nne za injini kwa majina yake yote, lakini ndani ya gari hamkuwa na spana ya plagi.

Kisha tazameni vijana wa bodaboda pale Mpondwe. Wengi wao hawakubahatika kumaliza shule. Chini ya kiti mtu ameweka spana yake na plagi moja ya akiba, na pikipiki ikikataa huifungua, huisugua, huondoka kabla abiria hajaanza kunung'unika. Basi, ni nani aliyesoma fizikia, yeye au sisi?

Kazi yenyewe ni nyepesi, ila ina adabu yake. Injini ipoe kabisa, kwa kuwa kichwa cha injini nyingi ni cha alumini, na alumini ikiwa moto meno yake huharibika upesi. Puliza vumbi lililoizunguka plagi kabla hujaigusa. Vumbi letu la kiangazi mnalijua, na mchanga ukiangukia ndani ya silinda utaikwaruza. Shika kofia ya waya, usiuvute waya wenyewe. Toa plagi moja, tia mpya, rudisha waya wake, ndipo uiendee ya pili. Anayezitoa nyaya zote nne kwa pamoja hujitafutia taabu, maana zina mpango wake. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2, na ukizichanganya gari halitawaka, au litapiga mlio kama bunduki na watoto wa jirani watakuja kutazama.

Plagi mpya uianze kwa vidole, wala si kwa spana. Mimi hutumia kipande cha mpira wa petroli kirefu kama kiganja: nachomeka mkia wa plagi ndani yake, naizungusha taratibu, na meno yakikaa upande mpira huteleza wenyewe bila kuharibu kitu. Ikishafika mwisho wake, spana huongeza kama nusu mzunguko ili washa mpya ibanwe, inatosha. Zile zisizo na washa, zenye shingo ya mshazari, hutaka kidogo sana, kama sehemu moja ya 16 ya mzunguko. Wenye nguvu nyingi mikononi na wazipeleke shambani.

Nafasi ya cheche hupimwa kwa kile kipimo chenye vibati vyembamba kama nyembe. Katika pikapu nyingi za zamani ni kama milimita 0.8, katika nyingine hufika 1.1, kitabu cha gari ndicho kisemacho, wala si mtu wa dukani. Kadhalika namba ya plagi. Si kila plagi inayoingia katika tundu ni ya injini hiyo, maana ikiwa ndefu kupita kiasi itagongana na pistoni, na hapo utaijua bei ya injini.

Lakini faida kubwa, kwa maoni yangu, imo katika kuitazama ile plagi kuukuu. Daktari humwambia mgonjwa atoe ulimi, na plagi ndiyo ulimi wa injini. Ikiwa na rangi ya udongo mwepesi au kijivu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na kavu kama sufuria ya kuni, petroli imezidi hewa, na mara nyingi kichujio cha hewa kimeziba kwa lile vumbi nililolitaja. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, ringi za pistoni huenda zimechoka, na hapo anza kuweka fedha kando mapema. Ikiwa nyeupe, na ncha yake imelika, silinda ile inaona joto kupita kiasi. Zipange zote nne kwa utaratibu juu ya gazeti kuukuu (si hili letu) uone kama moja ni tofauti na wenzake. Mwenye gari anayebadilishiwa na mtu mwingine hasomi barua hiyo kamwe, kwa kuwa plagi zake hutupwa kabla hajaziona.

Au hazitupwi. Fundi mmoja, ambaye simtaji yeye wala gereji yake, aliwahi kunidai fedha za plagi nne mpya, kumbe tatu zilikuwa zile zile zangu, zimesuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Nilizitambua kwa tone la rangi nyekundu nililokuwa nimezitia. Sikulipa, naye hakubisha sana.

Wako wasemao kwamba maneno kama haya yatawanyang'anya mafundi chakula chao. Hasha. Fundi anayejua kazi hapendi kusafiri mpaka mbugani kwa ajili ya masizi. Anazo gia, valvu na breki za kutosha, na kazi hizo mimi namwachia na kumlipa kwa heshima. Kasese ni mji uliokuzwa na shaba ya Kilembe na reli iliyofika mwaka 1956. Treni haiji tena, lakini watu wa makabila mengi walikutana pale kazini, na mpaka leo spana, nati na plagi twazitaja kwa Kiswahili bila kumwuliza mtu kabila lake. Mafundi hao ni walimu, nami nilijifunza kwa mmoja wao, mzee aliyenifanya nifungue na kufunga plagi ile ile mara kumi kabla hajaniruhusu kugusa ya mteja.

Wengine husema, tena hawa ndio wanaoniudhi, kwamba mtu aliyesoma akionekana ameinama chini ya boneti, mikono imejaa oili, ameishusha elimu yake. Sijui elimu hiyo ilikuwa juu wapi hata ishuke. Mwalimu wetu wa fizikia alituchorea plagi ubaoni kwa chaki, nasi tukainakili, tukapata alama. Katika miaka yote ile hatukushika plagi moja mkononi. Simlaumu mwalimu, maana hakupewa injini. Lakini sisi wanafunzi wa zamani, ambao wengi wetu tuna magari au tunaendesha ya wengine, twaweza kuipatia shule injini moja iliyokwisha kazi. Hata ikiwa haiwaki kabisa, itafaa, iwekwe nyuma ya maabara wanafunzi waifungue wapendavyo.

Mpaka injini hiyo itakapopatikana, nipo tayari kuleta pikapu yangu shuleni Jumamosi moja ya muhula ujao, kama mwalimu mkuu atakubali. Nitafika jioni ya Ijumaa ili ipoe usiku. Spana ninazo mbili, ya milimita 16 na ya 21, na kipande cha mpira. Wanafunzi na waje saa mbili asubuhi wakiwa na nguo kuukuu, na kila mmoja atafungua plagi moja na kuifunga tena.