Haja ya Moyo Ambayo Hatumwambii Mungu



Juma hili tuseme juu ya jambo ambalo watu wengi hawalisemi, hata mbele ya Mungu. Kila mtu anayo haja moja ya moyo inayopita haja zake zote. Si haja ya mvua wala ya mavuno. Hizo tunaziomba pamoja kanisani bila haya. Nasema ile haja ya ndani kabisa. Mume na mke wameoana miaka minane, wanatamani mtoto. Kijana anatamani kuwa padre, na nyumbani kwao ndiye mwana wa pekee. Msichana anatamani kuwa muuguzi, lakini matokeo ya mtihani yamemfungia mlango. Mama anatamani mwanawe aliyepotelea mjini arudi, hata kwa siku moja tu.

Sisi makarani wa parokia twajua jinsi haja hizo zinavyofichwa. Mtu akija kuandikisha nia ya Misa, husema upesi: kwa marehemu baba, kwa mgonjwa, kwa kushukuru. Lakini akifika kwenye lile jambo lake kubwa, huinamisha kichwa na kusema, "Andika tu, nia binafsi." Nasi twaandika hivyo, wala si kosa, maana Mungu anasoma hata lisiloandikwa. Ila naogopa kwamba wako wanaosema "nia binafsi" hata wakiwa peke yao magotini. Hawamtajii Mungu wanachotaka, kwa sababu wanaogopa kunyimwa. Huona afadhali kutoomba kuliko kuomba na kukosa.

Ndugu msomaji, huko si kumtumaini Mungu. Mtoto anayemficha baba yake njaa yake, hata kama ana adabu nyingi, bado hajamwamini. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa Getsemani, aliomba wazi kwamba kikombe kile kimwondokee. Kisha akayaacha yote katika mapenzi ya Baba. Maneno hayo mawili yalikuwa sala moja. Sisi hupenda kuruka la kwanza na kukimbilia la pili. Twasema "Mungu akipenda" kabla hatujamwambia tunachopenda sisi.

Wapo na wengine wanaokosea upande wa pili. Hao husema haja yao, lakini huifanya kama biashara: "Nimesali novena siku tisa, sharti nipate." Siku tisa zikipita bure, hukasirika na kumtafuta mwingine anayeahidi zaidi. Na siku hizi wanaoahidi hawakosekani: huyu ana dawa, huyu ana maji, huyu ana mafuta. Mnakumbuka habari za Moshi, tarehe 1 Februari 2020. Watu walikusanyika uwanjani kwa ibada, wakasongamana ili wakanyage mafuta yaliyosemwa kuwa ya baraka, na 20 wakafa kwa kukanyagwa. Tusiwacheke hata kidogo. Walikuwa watu wenye haja za moyo kama wewe na mimi. Kosa si kuwa na haja. Hatari ni kusadiki kwamba baraka ya Mungu ni ya yule anayewahi, au anayelipa.

Basi, kumtumaini Mungu ni nini? Nitawapa mfano wa mtu aliyefanya kazi Karema, pale ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambapo Mapadre Weupe walifika mwaka 1885, na imani ikapanda kutoka huko mpaka Ufipa. Ni Daktari Adrian Atiman. Wengi mnalijua jina lake kwa sababu ya hospitali ya Sumbawanga, lakini habari zake hamzijui.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo yaitwa Mali. Angali mtoto, wafanya biashara ya watumwa walimwiba, wakamvusha jangwa la Sahara. Kule Algeria mapadre wa Kardinali Lavigerie walimkomboa kwa fedha. Walimsomesha, akabatizwa, kisha akapelekwa kisiwa cha Malta kujifunza udaktari. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo alikaa hata kufa kwake mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kutibu wagonjwa na kufundisha dini.

Fikirini. Mtoto aliyeibwa hutamani nini? Hutamani kurudi kwa mama yake. Lakini njia ya Atiman haikurudi Niger. Kila hatua ilimpeleka mbali zaidi. Je, tuseme Mungu ndiye aliyetaka aibwe? Hasha! Wizi ule ulikuwa dhambi ya watu. Lakini Mungu hakumwacha aliyeibwa. Mtoto aliyenyang'anywa jamaa alioa katika nchi hii, akapata jamaa, na mwanawe Yosefu akawa padre. Tena, siku alizofika yeye, kandokando ya ziwa watu walikuwa wangali wakikamatwa na kuuzwa. Basi mtu aliyekuwa mtumwa akaja kuwatibu watu walioishi katika hofu ile ile aliyoijua. Hakupewa kurudi kwao. Alipewa nchi nzima ya kuitunza.

Kutokana na habari hizo, naomba tushike mambo matatu.

Kwanza, mtajie Mungu haja yako kwa jina lake. Sema, "Bwana, nataka mtoto." Sema, "Bwana, nataka kusoma." Ukilia, lia. Hana alilia hekaluni hata kuhani Eli akamdhania mlevi, lakini Mungu alimsikia.

Pili, fanya kazi. Atiman hakuupata udaktari kwa kusali tu, alisoma. Huku kwetu Ilemba, chini ya Lyamba lya Mfipa, mwenye shamba la mpunga huomba mvua akiwa amekwisha kulima. Basi wewe msichana uliyeanguka mtihani, uliza habari za kurudia mtihani, uliza na habari za vyuo vya ufundi. Nanyi mliokosa mtoto, nendeni hospitali wote wawili. Baba, nenda nawe ukapimwe, maana mara nyingi sababu iko kwa mume, na mke ndiye anayesemwa kijijini. Wala asije mtu akakuambia umrudishe kwao. Sheria ya Kanisa yasema wazi kwamba utasa hauvunji ndoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; lakini ainame kwa Mungu na kwa kazi, asiiname mlangoni kwa mpiga ramli.

Tatu, mwachie Mungu namna na wakati. Hili ndilo gumu, na sitaki kuwadanganya. Wako waliosali miaka mingi na hawakupata walichoomba. Sitawaambia kwamba hawakuwa na imani. Wengine wao wana imani kunipita mimi mara kumi. Nawaambia hili tu: Mungu akikunyima kitu, hajakunyima mwenyewe. Na moyo ule uliotamani mtoto, au shule, au nyumba, bado ni moyo wenye upendo mwingi, na pale kijijini pako wanaouhitaji upendo huo leo: yatima, mgonjwa, mzee asiye na wa kumtekea maji.

Neno la mwisho ni kwenu wazazi. Msiwape watoto haja zenu mkadhani ni za Mungu. Ikiwa mwana wako wa pekee ataka kwenda seminari, zungumza na Baba Paroko kabla ya kukataa. Na ikiwa ni wewe unayetaka awe padre, naye hataki, mwache. Mungu hana haja ya padre aliyesukumwa.

Jioni ya leo, Rozari ikiisha, nyamazeni kidogo nyumbani mwenu. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, amwambie Mungu moyoni jambo lake moja, bila kuficha. Kisha mlale kwa amani.

Mungu akitujalia, tutazungumza tena juma lijalo.