Riba ya Hazina na Jasho la Mwananchi

Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga walinena kweli, na neno lao latufaa sisi wa Lodwar na Kakuma. Wengi wetu hudhani kwamba hatifungani na wawekezaji ni mambo ya mabwana wa Nairobi, wala hayamgusi mfugaji anayeuza mbuzi wawili ili apate karo. Yanamgusa, tena sana.

Hatifungani ni hati ya deni. Serikali humkopa mwenye fedha na kumwahidi riba hadi siku ya kumrudishia mtaji wake. Hati ya shilingi 100 inayolipa shilingi 10 kwa mwaka humpa mnunuzi asilimia 10. Wenye hati wakiingiwa na hofu, wakaziuza hata bei ikashuka hadi shilingi 80, mnunuzi mpya hupata shilingi 10 zile zile kwa shilingi 80, yaani asilimia 12.5. Tangu hapo, ni nani atakayeikopesha serikali kwa riba ya chini? Hivyo hofu ya mwekezaji huwa mzigo wa mlipa kodi.

Tuliyaona hayo mwaka 1993. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada Novemba 1991, na fedha nyingi zikamwagwa nchini kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992. Bei zikapanda. Ili kuzirudisha fedha hizo, serikali ililipa zaidi ya asilimia 70 kwa hati zake za siku 91. Mwenye mamilioni alivuna bila kulima, huku maskini akishindwa kununua unga.

Mambo hayo yakarudi kwa sura nyingine. Deni la dola bilioni 2 lililokopwa ng'ambo mwaka 2014, kwa riba ya asilimia 6.875, lilitakiwa kulipwa Juni 2024. Wawekezaji walishuku uwezo wetu, na shilingi ikadhoofika hadi kufikia karibu 160 kwa dola moja. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya asilimia 9.75 ili kupunguza deni lile. Mwezi huo huo iliuza hatifungani za miundombinu kwa asilimia 18.46, bila kodi. Ilitafuta shilingi bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 280. Fedha za wageni ziliingia na shilingi ikapata nguvu.

Tuseme haki: shilingi ikipata nguvu, hata mafuta ya lori litokalo Kitale kuja Lodwar hupata nafuu. Lakini nafuu hiyo ilinunuliwa ghali. Benki ikihakikishiwa asilimia 18 na serikali, ina haja gani ya kumkopesha mama mwenye duka Kakuma? Si kwamba biashara haipo. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka. Kinachokosekana ni mkopo.

Tena, kwa Kifungu cha 214 cha Katiba, deni la umma hulipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa taifa. Mkopeshaji hangoji, ilhali kaunti zimengojea mgao wao mara nyingi, na zahanati za Turkana zikangoja pamoja nazo. Pengo lililobaki lilitafutiwa kodi mpya katika Mswada wa Fedha wa 2024. Vijana waliupinga, wengine wakapoteza maisha tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi.

Ndugu wapendwa, hatusemi serikali isikope. Twasema isikope gizani. Kifungu cha 201 kinadai uwazi, na kwamba mizigo na manufaa ya mikopo vigawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vijavyo. Kifungu cha 211 kinampa Waziri wa Fedha siku 7 kueleza mkopo wowote pindi Bunge au Seneti ikipitisha azimio la kumtaka afanye hivyo. Haki hiyo imeandikwa, yafaa itumiwe.

Basi ijadiliwe katika jumuiya ndogo ndogo na katika mikutano ya vijana. Kisha kila mbunge wetu na seneta wetu aulizwe swali moja: ni mkopo upi uliowahi kuudai maelezo yake? Akinyamaza, tukumbuke kimya chake siku ya kura.