Lipeni hela ya kupima

SAFU YA GEREJI NA BARABARA
Na Idrisa Mwakalinga

Pikapu iliingia gereji kwa sababu ilikuwa inagonga kwenye mashimo. Ikatoka na bushi mpya, boljointi mpya na shokapu mpya za mbele. Kweli, haigongi tena. Lakini sasa mwenye gari akilegeza mikono kidogo tu, usukani unavuta kushoto, na akikata kona lazima aurudishe mwenyewe maana wenyewe hautaki kurudi. Anarudi kwa fundi. Fundi anapiga jeki, anatikisa tairi, anasema, "Bosi, hii ni tairodi." Tairodi inabadilishwa, gari bado linavuta. Wiki inayofuata anaambiwa ni stelingi raki. Baada ya raki, ni matairi.

Nimesikia habari hii kwa wenye magari wengi mno, na kila mara nauliza swali lile lile: mara ya mwisho kilifunguliwa nini? Gari lililokuwa likienda moja kwa moja asubuhi, likaingia gereji, likatoka jioni linavuta, limeshakuonyesha pa kuanzia. Si kwamba tairodi haiwezi kufa siku hiyo hiyo; inaweza. Lakini kabla hujamtuma dereva wa bodaboda kwenye maduka ya Gerezani akakuletee spea ya tatu, zirudie kwanza boliti zilizoguswa.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa nyanya anayepakia Ilula na kushusha Morogoro. Ana Hilux Vigo, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 ikiwa na koili springi mbele na stelingi raki, wakati Hilux nyingi kabla yake zilikuwa za tosheni baa au springi za majani. Alipobadilisha bushi za mbele, alimwambia fundi aongeze na majani ya springi nyuma, maana matenga ya nyanya yalikuwa yanaikalisha gari. Mambo mawili kwa siku moja. Gari likaanza kuvuta. Naye akabadilishiwa raki, akalipia alaimenti mara mbili, na bado likavuta.

Huyu bwana alikuwa anawaeleza mafundi jambo moja ambalo wote walilisikia na kulipita. Akiteremka mlima Kitonga na mzigo, gari limetulia. Akirudi mtupu, pale Mikumi ambapo barabara ni tambarare na imenyooka, ndipo linapohangaika, yeye anapambana na usukani huku tembo wako kando ya lami. Mafundi walimjibu kwamba gari tupu huwa jepesi, ni kawaida. Si kawaida. Hapo tatizo lilikuwa limejitaja lenyewe.

Tairi la mbele likikata kona huzunguka kwenye mhimili unaopita kwenye boljointi ya juu na ya chini. Mhimili huo haujasimama wima. Kwa juu umelala kidogo kuelekea nyuma. Mafundi wanauita mlalo huo kasta. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala: ni sababu mojawapo inayomwezesha mtoto mjanja kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kwenda mbele. Kasta ikipungua, usukani unasahau katikati yake. Ikipungua upande mmoja kuliko mwingine, gari linavutia upande ule wenye kasta ndogo.

Sasa, ukiongeza majani ya springi nyuma, nyuma kunapanda, pua inainama, na kasta ya mbele inapungua pande zote mbili. Ukipakia nyanya, nyuma kunashuka na kasta inarudi. Ndiyo sababu Vigo hii ilikuwa na tabia mbili kwenye barabara moja. Lakini springi za nyuma peke yake zisingeivuta kushoto. Kulikuwa na kitu kingine, na kilipatikana kwa futi ya fundi seremala na vidole viwili.

Fundi aliyekipata ni kijana, na hakugusa spana kwa nusu saa nzima. Alitafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Akajaza upepo matairi yote kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Akapima toka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, kuona kama gari limekaa sawa, lilikuwa sawa. Kisha akachuchumaa, usukani ukiwa umenyooka, akapima nafasi iliyopo kati ya tairi la mbele na madigadi kwa nyuma yake. Upande wa kulia vidole viwili viliingia bila shida. Upande wa kushoto kiliingia kimoja kwa kubanwa. Tairi la kushoto lilikuwa limekaa nyuma kuliko mwenzake.

Akaingia chini na tochi. Kwenye Vigo, amu ya chini inashikwa kwenye chasisi na boliti mbili zenye washa za duara ambazo matundu yake hayako katikati, na kwenye chasisi kuna mistari midogo ya kipimo. Ukizungusha boliti, amu inasogea mbele, nyuma, ndani au nje. Hapo ndipo kasta na mlalo wa tairi lenyewe, wa kwenda ndani au nje, vinaporekebishwa. Fundi anayezifungua kubadilisha bushi anatakiwa kwanza asugue uchafu, apige alama kwa chaki au rangi, ili azirudishe zilipokuwa. Upande wa kulia washa zilikuwa karibu na katikati. Upande wa kushoto boliti moja ilikuwa imezungushwa hadi mwisho wa mistari. Hakuna aliyepiga alama. Zilirudishwa kwa kubahatisha.

Utauliza, na ile alaimenti aliyolipia mara mbili? Kijana alijaribu kuizungusha boliti ya pili ya upande ule ule, ikagoma. Ilikuwa imeganda kwa kutu ndani ya bomba la bushi. Kwenye alaimenti walichofanya ni kurekebisha tairodi ili matairi yatazame mbele sawasawa, wakamkabidhi gari wakisema alaimenti imekaa. Tairodi zikirekebishwa, unaokoa matairi yasiliwe upande, na usukani unakaa katikati. Gari linalovuta kwa sababu ya kasta litaendelea kuvuta hata urekebishe tairodi mpaka jioni. Utaratibu ni kuanza na kasta na mlalo wa tairi, kisha umalizie na tairodi, kwa sababu ukigusa vile viwili vya mwanzo unaharibu hiki cha mwisho.

Mashine nyingi za alaimenti za siku hizi zinatoa karatasi yenye namba za kabla na za baada. Iombe. Kama namba za kasta za kabla na baada zinafanana, na upande mmoja una rangi nyekundu, basi umelipia kazi nusu, na ni haki yako kuuliza kwa nini.

Kosa la pili lililokutwa chini ya ile gari ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu halihitaji mashine wala elimu kubwa kuliepuka. Bushi ya mpira ya amu haizunguki kama beringi. Boliti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa likaungana na chasisi, na bomba la nje limeungana na amu. Amu ikipanda na kushuka, mpira ulio katikati ndio unaojinyonga na kurudi. Kwa hiyo boliti ya mwisho inatakiwa ikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, uzito wote chini. Mafundi wengi wanaikaza gari likiwa juu ya jeki na tairi linaning'inia, kwa sababu hapo spana inaingia vizuri. Gari likishushwa, mpira umeshajinyonga kabla hata ya kukutana na shimo la kwanza. Mpira huo unalisukuma gari juu kidogo upande ule, alaimenti inapigwa hivyo hivyo, kisha baada ya muda mpira unakubali na vipimo vyote vinahama. Bushi inapasuka mapema, na duka la spea linabebeshwa lawama kwamba liliuza feki. Feki zipo, sibishi. Lakini bushi nyingi zinazoitwa feki ziliuawa na jeki.

Si kila pikapu inayovuta ina kasta mbovu. Kwanza, barabara zetu zimeinamishwa kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatiririke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari zima kabisa linaweza kutambaa polepole kwenda kushoto. Lijaribu mahali papana na palipo sawa kabla ya kulalamika. Badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, kama si yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama, ni tairi. Likivuta pale tu unapokanyaga breki, tazama kalipa na paipu za breki, hasa kama kuna paipu iliyorudishwa imejinyonga. Usukani ukiwa umepinda lakini gari linakwenda moja kwa moja, tairodi zimerekebishwa upande mmoja. Hakuna spea ya kununua hapo.

Kwa pikapu iliyoguswa springi za nyuma, usiangalie mbele tu. Senta boliti ya springi ina kichwa kinachokaa kwenye tundu la ekseli. Kisipoingia vizuri, au kikikatika, ekseli inahama na gari linakwenda kiupandeupande. Pima toka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, pande zote mbili, usukani umenyooka. Vipimo vikitofautiana sana, umepata pa kuanzia. Na yuboliti zilizofunguliwa zikazwe tena baada ya kutembea kilomita mia chache, kwani majani mapya hujipanga na kulegea.

Kuna pia kipimo cha watu wawili ambacho ningependa kila mwenye gari akijue. Gari liko chini, injini inaunguruma, breki ya mkono imevutwa. Mmoja anacheza usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Mwingine anaweka kiganja kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine: tairodi, raki na bushi zake, boljointi, amu. Kiungo kilichokufa unakisikia mkononi kikipiga kabla jicho halijaona kitu. Hakuna kubahatisha wala kununua. Dakika chache tu.

Kwa nini basi hayafanyiki? Kwa sababu hatuyalipii. Mwenye gari wa Kitanzania atatoa hela ya raki nzima bila kusita, kwa kuwa raki anaiona, anaibeba, ina boksi. Mwambie kwamba fundi anataka hela kidogo ya kukagua tu, atasema huyu ni tapeli, amechungulia chini ya gari halafu anadai pesa. Basi fundi amejifunza. Ujira wake umo kwenye kufungua na kufunga, na pengine kuna kitu kidogo kinatoka dukani. Asipobadilisha kitu, hali mchana. Tumemweka mahali ambapo akipima vizuri anapata hasara, halafu tunashangaa kwa nini anakisia.

Na wengine hatumpi nafasi. Tunamsimamia kichwani, simu sikioni, tunataka gari saa kumi kamili. Anayekimbizwa hivyo hatapiga chaki alama ya boliti.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi mitaani, nje ya darasa. Ni jambo jema, na ningependa kuona upimaji unapewa uzito sawa na ufunguaji wanapotahiniwa watu wa magari. Ila cheti hakitasaidia kitu kama mteja ataendelea kumlipa yule anayebadilisha vingi.

Vigo ya nyanya ilipona kwa boliti mpya za amu na bushi mbili. Ile iliyoganda ilikatwa kwa grenda. Jani moja la nyuma likaondolewa, kasta ikasawazishwa, na boliti zikakazwa gari likiwa chini. Stelingi raki yake ya kwanza, ambayo haikuwa na tatizo lolote, ilikuwa imeshauzwa skrepa.

Kama pikapu yako iko kwa fundi sasa hivi unaposoma hapa, mpigie simu. Mwambie apige alama kabla ya kufungua, akutunzie spea za zamani mpaka ulijaribu gari, na akukadirie hela ya kupima peke yake. Akikutajia, mlipe.