Migrene: dawa nzuri ni ile yenye kuelewana na mwili wako na kazi yako

Ni saa kumi ya asubui, na posti ya kwanza inamungoja. Lakini upande moja wa kichwa unapiga sawa nyundo, mwangaza wa taa unamuchoma macho, na chakula cha jana kinataka kurudi. Bibi anazima taa, anatuma watoto inje, anamupa kinini mbili. Ataenda ku kazi vile vile, juu akikosa siku tatu mu mwezi, kapita ataandika jina lake. Juma ijayo, tena. Mwisho wa mwezi kinini zimekwisha, na kichwa kinauma kuliko mwanzo.

Wangapi kati yetu wanajua ile maisha? Ile ugonjwa iko na jina: migrene. Haiko uvivu, haiko uchawi wa jirani, haiko kuogopa kazi. Ni ugonjwa wa bongo, mara nyingi unatembea mu jamaa, na wanawake wanaupata mara mbili ao tatu kupita wanaume. Njo maana mu nyumba nyingi mwenye kulala mu giza haiko baba, ni mama.

Leo tunataka kusema neno moja, kwa mutumishi na kwa mukubwa wa kazi pia. Kuna dawa za kuzuia migrene, na zingine ni za bei ndogo. Lakini usitafute ile yenye nguvu kupita zote. Tafuta ile yenye kuelewana na mwili wako na kazi unayofanya.

Kwanza, hatari ya kinini za kila siku. Parasetamole ao ibuprofene ni dawa ya kutuliza. Ukizikunywa siku 15 ao zaidi mu mwezi, na miezi tatu inapita vile, zenyewe zinaanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa tramadole na kwa zile kinini zenye kuchanganya dawa mbili tatu, siku 10 mu mwezi zinatosha kuleta ile mubaya. Mutu anaongeza dawa juu kichwa kinauma, na kichwa kinauma juu anaongeza dawa.

Dawa ya kuzuia ni kitu kingine. Unaikunywa kila siku, hata ile siku kichwa hakiumi, sawa vile watu wa chini wanashikilia mwamba mbele jiwe halijaanguka. Kama kichwa kinakushika siku 4 ao zaidi mu mwezi, ao kama kikikushika kinakulaza kabisa, ni saa ya kuuliza munganga juu yake. Dawa hizi ni nyingi, na kila moja iko na uzuri na ubaya wake.

Propranololi ni dawa ya moyo na ya tansio. Mu mwaka 1966 wanganga waliandika juu ya mugonjwa aliyeipata juu ya moyo wake, na migrene yake ikapungua. Leo iko mu liste ya OMS ya dawa za lazima, juu ya kuzuia migrene. Bei yake si kubwa. Inafaa zaidi mutu mwenye tansio ya juu. Lakini mwenye pumu, ile wengine wanaita asima, asiiguse, inaweza kufunga pumuzi. Mwenye kujichoma ensulini aseme mbele, juu dawa hii inaficha alama za sukari kushuka. Mutu wa kazi nzito pia ajue: inapunguza mupigo wa moyo, basi ku ngazi ndefu anaweza kuchoka mbio. Na mutu asiiache gafula siku moja.

Amitriptilini inakunywiwa magaribi, kwa kipimo kidogo, mara nyingi 10 ao 25 mg ku mwanzo. Inafaa mutu asiyelala muzuri, ao mwenye moyo muzito. Ubaya wake: kinywa kukauka, choo kufunga, kunenepa, na usingizi wenye kubakia mpaka asubui. Shofere wa kamio ao wa mashini kubwa apashwa kuwa mwangalifu. Aianze siku za mapumuziko, aone mwili wake unaitika namna gani mbele ya kurudi ku usukani. Na yule wa posti ya usiku amwambie munganga analala saa ngapi, juu «magaribi» yake haiko magaribi ya watu wote.

Topiramati ni dawa ya kifafa. Haileti unene, inapunguza kilo. Lakini vidole vinachomachoma, na wengine wanatafuta neno mu kinywa wanalikosa. Kwa watu wa mine kuna vitu viwili zaidi: inaweza kupunguza jasho, basi mwili unapata moto kupita kiasi fasi ya joto, na inaweza kuleta majiwe mu figo, zaidi kwa mwenye kukunywa maji kidogo. Chini ya udongo, fasi ya joto, hivi si vitu vidogo. Na mama mwenye mimba asipewe, juu inaweza kuumiza mutoto. Valproati, dawa ingine ya kifafa, ni mubaya zaidi kwa mutoto wa mu tumbo: mwanamuke mwenye kuweza kuzaa hapashwi kuipata juu ya migrene.

Flunarizini wanganga wengi wa Ulaya wanaiandika, kinini moja magaribi. Inasaidia, lakini inaleta usingizi, kilo, na huzuni; ikikunywiwa wakati murefu inaweza kuleta kutetemeka kwa mikono. Mutu aliyekwisha kuwa na huzuni kubwa aachane nayo.

Kisha kuna dawa mupya, sindano ya mara moja mu mwezi. Ya kwanza, erenumabi, ilikubaliwa Marekani na Ulaya mu mwaka 2018. Mu Ujerumani waliilinganisha na topiramati kwa watu zaidi ya 700, na matokeo yalitoka mu 2022. Kati ya watu 100 waliopewa topiramati, karibu 39 waliacha juu ya ubaya wake; kwa sindano, karibu 11. Bei yake iko mbali na mushahara wetu, na hatuiombe leo. Lakini fundisho lake ni la kila mutu: dawa unayoiacha mu boite haizuii kitu.

Na watoto? Mu mwaka 2017, utafiti wa Marekani ulilinganisha amitriptilini, topiramati na kinini isiyo na dawa ndani, kwa watoto wa miaka 8 mpaka 17. Haukuona tofauti. Basi mama, usikate kinini ya baba umupe mutoto. Usingizi wa kutosha, maji, chakula kwa saa yake, na munganga: hapo njo mwanzo.

Dawa ya kuzuia haifanye kazi siku ya kwanza. Uipe miezi miwili mpaka tatu, kwa kipimo munganga alichosema. Andika mu kaye kila siku kichwa kimeuma na kila kinini ya kutuliza umekunywa. Kama siku 8 zimekuwa 4, dawa imeshinda, hata kama 4 zinabakia. Kama hakuna kitu, munganga abadilishe. Kukosa na moja si kukosa na zote.

Lakini si kila kichwa ni migrene. Kama ekipe muzima inapata kuumwa kichwa saa moja, na wakitoka inje kinapoa, hiyo ni hewa: gazi ya mashini haina harufu, na inaua. Tokeni, mwambieni mukubwa wa usalama, musikunywe kinini na kurudi. Maumivu yenye kupiga gafula kuliko yote ya maisha yako, homa na shingo kukauka, mukono ao muguu kulegea, kichwa kuuma kisha kupigwa na jiwe: kimbia ku lopitali ile saa. Na homa peke yake mu inchi yetu, wapime malaria kwanza.

Sasa kwa wakubwa wa kazi. Mu dispansere nyingi, mutu wa migrene anatoka na parasetamole kila juma, mwaka muzima, na hakuna mwenye kumuuliza ni mara ngapi. Hiyo haiko kutunza mutu. Tunaomba vitu vitatu. Propranololi na amitriptilini ziwe ku etajere, pamoja na zile za kutuliza. Munganga aulize kila mugonjwa: unafanya kazi gani, fasi gani, posti gani? Na mutumishi mwenye kuanza dawa yenye kuleta usingizi awekwe juma moja ao mbili mbali na usukani, bila kukatwa mushahara. Kumubadilishia fasi kwa siku kumi ni bei ndogo kuliko kamio yenye kupinduka.

Na kwako, ndugu mutumishi: ukiingia kwa munganga, usiseme paka «kichwa kinauma». Sema ni siku ngapi mu mwezi. Sema kinini ngapi. Sema kama uko na pumu, na wewe mama, kama uko na mimba ao unaitafuta. Sema unaendesha nini na unashuka wapi. Tunajua juu ya nini wengi wanaficha: wanaogopa kutolewa ku posti. Ile woga haikutoka mu hewa, na wakubwa wanapashwa kuiondoa. Lakini mwenye kuficha kichwa chake anakipeleka ku usukani pamoja na watu wote wenye kuwa nyuma yake.