Adabu na Desturi: Mezani Mjini Paris

Vijana wetu wanapokwenda Ufaransa kusoma, sisi wazazi huwatayarishia vitabu, nguo na nauli. Habari za mezani hatuwaambii neno. Kijana akifika Paris, wenzake humwalika kula mkahawani, na papo hapo moyo humpiga. Mmoja hukataa kwa kuogopa aibu, akabaki chumbani na njaa yake na upweke wake. Mwingine huingia kwa majivuno, akaagiza kila kilicho ghali, na fedha za mwezi mzima zikaisha kwa usiku mmoja. Leo tunasema na hao wawili, ili wa kwanza asiogope na wa pili asipotee.

Kwanza tujue nyumba hizo zilitoka wapi. Neno « restaurant » hapo mwanzo halikuwa jina la nyumba, bali jina la mchuzi mzito wa nyama waliopewa watu dhaifu ili kuwarudishia nguvu. Katika miaka ya 1760 watu wa Paris walianza kuuza mchuzi huo katika nyumba maalum. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1789, wakubwa wengi walikimbia, na baadhi ya wapishi wao wakaanza kumlisha yeyote mwenye fedha ya kulipa. Wanyonge nao hawakusahauliwa. Mwaka 1855 muuza nyama mmoja, jina lake Duval, alianza kuwapa wafanya kazi mchuzi na nyama kwa bei ndogo. Nyumba ya namna hiyo iliyofunguliwa mwaka 1896, iitwayo Bouillon Chartier, ingali inalisha watu mpaka leo. Basi, nyumba inayomtisha mgeni ilianza kwa kuwasaidia walio dhaifu. Ya nini kuiogopa?

Sasa tushike mambo yenyewe. Usiingie kabla ya kusoma bei, kwa maana sheria inaamuru zibandikwe nje, mahali pa kuonekana. Ujue pia kutofautisha maneno mawili. « Menu » ni chakula kilichopangwa pamoja kwa bei moja. « À la carte » ni kuchagua kila sahani kwa bei yake, na hapo ndipo fedha hukimbia. Mkate haulipiwi. Maji ya bomba nayo hayalipiwi: omba « carafe d'eau », kwa sababu maji ya chupa yana bei. Tena, malipo ya utumishi yamo tayari katika bei iliyoandikwa. Ukipenda kumwachia mtumishi sarafu chache, ni hisani yako, si deni.

Ukiingia, toa salamu kwanza: « Bonjour » mchana, « Bonsoir » jioni. Asiyesalimu huhesabiwa kuwa mtu asiye na malezi, kama vile kwetu. Ungoje uonyeshwe meza. Chakula huja kwa zamu: kitangulizi, kisha sahani kubwa, halafu jibini au kitu kitamu, na kahawa mwishoni. Hulazimiki kuchukua vyote. Ukiagiza nyama ya ng'ombe utaulizwa iive namna gani. Ukizoea nyama iliyoiva sana, sema « bien cuit ». Na « steak tartare » ni nyama mbichi iliyosagwa, usije ukashtuka ikiwa mbele yako! Usipoelewa neno, muulize mtumishi bila haya. Kuuliza si ujinga. Ukimaliza, usikasirike kwa kuwa hesabu haijaletwa. Wao huona ni ukosefu wa adabu kumharakisha mgeni. Mpaka uiombe mwenyewe.

Lakini adabu iliyo kubwa haimo katika uma na kisu. Imo katika namna ya kumtazama anayekutumikia. Usimpigie vidole wala makofi; sema « s'il vous plaît », inatosha. Mkumbuke pia yule usiyemwona. Nyuma ya mlango wa jiko, wengi wanaoosha sahani na kumenya viazi mjini Paris ni wageni, na miongoni mwao wamo Waafrika. Mwaka 2008 wafanya kazi wasio na hati za kukaa nchini, wengi wao watu wa Mali, waligoma katika mikahawa kadha wa kadha ya jiji hilo ili wapewe hati hizo. Walikuwa wakipika na kuosha, nao hawakuwa na ruhusa ya kutembea barabarani bila hofu. Kijana wa Kiafrika anayemdharau mtumishi mezani, huenda anamdharau ndugu yake.

Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliandika mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Halikusifu bei ya vyakula. Lilisifu desturi ya watu kukaa pamoja, kula kwa utaratibu na kuzungumza, wanapofurahia ubatizo, arusi au siku ya kuzaliwa. Je, desturi hiyo ni ngeni kwetu? Babu zetu hawakumnawisha mgeni mikono kabla ya chakula?

Basi, enyi wazazi, msingoje safari ya Ulaya. Mfundisheni mtoto leo, mbele ya ugali na sombe, kusalimu, kungoja zamu yake, kutosheka, na kumshukuru aliyepika. Aliyejifunza hayo nyumbani, kwa Wafaransa atabakiza kujifunza majina ya vyakula tu.