TAMKO LA TAWI: KICHOCHO SI CHA WATOTO WA SHULE PEKE YAO



Wiki hii walimu wamegawa dawa za kichocho shuleni, na humu kwenye kundi tumepongezana. Nami napongeza. Lakini mama zao watoto hao, wanaoingia majarubani kila msimu, wamegawiwa na nani?

Kichocho cha mkojo huku kwetu Usukumani, Maswa, Kwimba hadi Shinyanga, kinatoka kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Ndiko anakokaa konokono wake. Nani anainama humo kutwa akipandikiza? Nani anachota maji lamboni na kufulia huko huko? Tusidanganyane. Vijidudu vinapenya kwenye ngozi nzima, isiyo na jeraha lolote, kwa dakika chache tu.

Mvulana akikojoa damu anaonekana, hata wenzake wanamcheka. Msichana damu yake inasingiziwa hedhi, anakua nayo. Na mayai ya minyoo hayaishii kwenye kibofu. Yanaganda ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yanaleta vidonda, uchafu, maumivu na damu wakati wa tendo la ndoa, wengine wanakosa uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 56 wana hali hiyo, wengi wao Afrika. Ni makadirio tu, maana mkojo wa mama unaweza kupimwa usikutwe na yai hata moja, kumbe vidonda viko ndani.

Mama mmoja wa tawi hili, simtaji, alitibiwa gono mara tatu. Mumewe haumwi kitu. Mawifi wakamwita malaya, akarudishwa kwao. Mimi mwenyewe niliyasikia maneno yale nikayaamini, nakiri mbele yenu. Mara ya nne alikutana na daktari aliyemuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: unalima wapi? Akapewa prazikwanteli. Minyoo imekufa, ila makovu ya miaka hayaondoki yote kwa vidonge.

Kwa nini dawa inaishia shuleni? Kwa sababu vidonge vya msaada vimelenga zaidi watoto wa umri wa shule. Lakini tangu 2022 mwongozo wa Shirika hilo unasema penye maambukizi ya asilimia 10 na zaidi wapewe wote kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwemo, na wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Zanzibar walianza tangu 2012 kugawa nyumba kwa nyumba hadi kwa watu wazima, na maambukizi yameshuka sana. Sisi tunasubiri nini?

Msimamo wangu, nao nitauleta kikaoni, ni kwamba Diwani wetu apeleke hoja kwenye Baraza la Madiwani: halmashauri itenge fedha za dawa kwa wanawake wa vijiji vya mpunga, na wahudumu wa zahanati wafundishwe kuuliza swali lile la daktari. Visima tumeahidiwa mara ngapi? Hilo nalo ataulizwa.

Kikao ni Jumapili saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Diwani amekubali kuja. Akina baba msiwaachie wake zenu, mje.

Katibu wa Tawi