Vazi la Kuogelea Lisikuaibishe Majini

Huku kwetu Mwala ukitaja kuogelea utaulizwa maji yenyewe uliyaona wapi. Vijito vyetu huwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na mto Athi una mamba. Hata hivyo, watoto wetu wengi husomea mijini kwenye shule zenye vidimbwi, na orodha ya mahitaji huja imetaja vazi la kuogelea.

Mwaka juzi binti ya dada yangu alinunuliwa vazi laini ajabu, la kuvutika. Muhula haukuisha. Nyuma palikonda hata mwanga ukapenya, mikanda ya mabegani ikalegea, naye akawa anaumwa na tumbo kila Jumatano, siku ya kuogelea. Mama yake alidhani ni uvivu. Kumbe mtoto alikuwa akivaa fulana ya pamba juu yake kujisitiri, na pamba ikilowa huwa nzito na humvuta mwogeleaji chini. Hapo si aibu tu tena, ni hatari.

Yafaa ifahamike kwamba kinacholifanya vazi livutike ni nyuzi za spandeksi, ambazo pengine huandikwa elasteni. Klorini inayotiwa kidimbwini kuua viini huzila nyuzi hizo polepole. Mavazi mengi ya madukani ni nailoni iliyochanganywa na spandeksi: yanapendeza mwilini, na kwa anayekwenda pwani mara moja kwa mwaka yanatosha. Lakini anayepiga mbizi kila wiki, au anayecheza mpira wa majini, anahitaji poliesta, ambayo hustahimili klorini na jua kuliko nailoni. Ipo hata poliesta iitwayo PBT, inayovutika yenyewe bila spandeksi nyingi. Kwa hiyo soma lebo kabla ya kuuliza bei.

Na wewe unayenunua mitumba (nami ni mmoja wenu), ligeuze vazi ndani nje. Ukiona vinyuzi vyeupe kama nywele vimechomoza, spandeksi imekwisha kukatika. Livute kisha uliachilie. Likichelewa kurudi, lirudishe. Tazama pia mshono. Fundi wetu mmoja hapa sokoni alishona la mpwa wangu kwa mshono wa moja kwa moja, nao ukafumuka mara tu aliporuka majini. Kitambaa cha kuvutika hutaka mshono wa zigizaga.

Baada ya kuogelea, lisuuze kwa maji baridi. Najua maji ni ghali, lakini lita mbili katika beseni zatosha. Usilikamue kwa kulisokota, wala usilianike kwenye jua letu hili. Kivulini litakauka tu.

Dada yangu hatimaye alipata la poliesta, jeusi. Msichana alinung'unika kuwa linakwaruza kidogo. Huu ni muhula wa tatu analivaa, na siku za Jumatano tumbo haliumi.